Siku Denise alipoomba baba yake ashindwe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, theluji haijazolewa mbele ya shule, Denise Paczkowski anawasha oveni mbili na kufunga aproni. Soseji na viazi vya watoto mia tatu na kumi vinapaswa kuwa tayari kabla kengele haijalia.

Ana miaka sitini na moja. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mpishi wa shule hii ya msingi mashariki mwa Erie, mji wa viwanda ulio kando ya ziwa, Pennsylvania. "Mtoto akishiba, mwalimu anapumua," anasema bila kuinua macho kwenye trei.

Saa nane mchana anavua aproni na kuendesha gari hadi nyumba ya kutunzia wazee anakoishi baba yake, Leonard, mwenye miaka themanini na saba. Humlisha chakula cha jioni mwenyewe.

Leonard alichomelea vyuma miaka thelathini na minane katika kiwanda cha vichwa vya treni. Alipofiwa na mkewe alikataa katakata kuhama nyumba yake. Kisha, Januari miaka miwili iliyopita, jirani alimkuta amesimama juu ya barafu ya ziwa na soksi tu miguuni, akisema amechelewa zamu.

"Nilikuwa nimejidanganya siku nyingi kwamba ni uzee tu," Denise anasema. "Siku ile uongo uliniishia."

Nyumba ya wazee alikompeleka baada ya hapo hutoza dola elfu sita na mia moja kwa mwezi. Mshahara wa Denise haufiki nusu ya hapo. Anayelipa ni Leonard mwenyewe, kwa akiba aliyojiwekea ya uzeeni. Na kila inapochotwa, serikali huihesabu kuwa mapato na kuitoza kodi. Mwaka wa kwanza ilidai zaidi ya dola elfu tisa.

Denise alibeba makaratasi yote hadi maktaba ya mtaa, ambako wastaafu husaidia watu kujaza fomu za kodi bila malipo. Alimkuta Ardith Mohler, karani wa posta wa zamani, ambaye aliyapekua moja baada ya jingine na kuvua miwani.

"Dada, hii ada ingehesabiwa kuwa gharama ya matibabu," Ardith alimwambia. "Yote, na chakula na kitanda humo humo. Kodi ingeshuka sana. Karatasi ya muuguzi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Inayothibitisha kwamba mzee hawezi kujihudumia. Mambo mawili kati ya sita: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kujizuia haja. Na mpango wa kumtunza, umetiwa saini. Bila hiyo ni kama amepanga chumba tu."

"Mtu amekaa pale haijui hata siku ya leo. Kwani hawaoni?"

"Wanaosoma fomu hawamwoni mtu, dada. Wanaona karatasi."

Na karatasi hiyo hairudi nyuma kuokoa miezi iliyokwisha kupita. Kodi ya mwaka ule ililipwa yote.

Nyumbani lilizuka jambo jingine. Gary, mdogo wake Denise, anayeendesha lori la kuzoa theluji, hakutaka kusikia habari ya karatasi hiyo.

"Unataka kuiandikia serikali kwamba Baba hajui kwenda chooni?" alimuuliza. "Mzee yule?"

"Mara ya mwisho kumbadilisha nguo wewe ilikuwa lini, Gary?"

Gary alichukua funguo za lori akatoka. Wiki tatu hakupiga simu.

Muuguzi wa kumpima mzee alikuja mwanzoni mwa Machi mwaka jana. Alimsalimu Leonard kwa heshima, akamwomba avae shati lake la flana. Mzee alilitazama, akalivaa, akashika kifungo cha juu. Vidole vilikitafuta kitundu, vikakikosa, vikarudi tena. Denise alikuwa ameambiwa asimsaidie, kwa hiyo alikalia mikono yake.

"Taratibu tu, Mzee Leonard," muuguzi alisema.

"Sina haraka," alijibu. "Kazi nzuri haina haraka."

Dakika nne zilipita. Mara moja kifungo kilikaribia kuingia.

Akifika hapo katika kunisimulia, Denise anaifuta meza ambayo tayari ni safi. "Nilijikuta naomba ashindwe," anasema. "Baba yangu anapigana na kifungo, na mimi moyoni nasema, kisiingie, Mungu wangu, kisiingie. Sijawahi kumwambia mtu, hata padri."

Hakikuingia. Leonard alishusha mikono, akamgeukia binti yake, akamwambia kwa upole, "Hili shati si langu."

Karatasi ilitiwa saini siku hiyo. Gary aliisomea ndani ya gari lake, injini ikinguruma, mstari kwa mstari. Alipomrudishia dada yake, macho yake yalikuwa mekundu. Siku hizi huja kila Jumapili kumwogesha baba yao.

Februari hii Ardith alijaza fomu mpya, akihesabu ada tangu Machi na kuondoa ile sehemu ya kwanza ya gharama ambayo sheria haiisamehe kodi. Kodi ilikuja dola elfu tatu na mia tatu. Kilichookolewa kinakaribia ada ya mwezi mmoja.

Watu wa jikoni shuleni walimpongeza. Yeye alikwenda chooni akalia.

Kwa hesabu yake, akiba itakauka msimu wa baridi ujao. Hapo itabidi waombe msaada wa serikali, na wanaosaidiwa huweza kuhamishiwa kwingine. Denise amekwisha kumwandikia barua msimamizi wa nyumba ya wazee, na ameahirisha kustaafu kwake kwa miaka miwili ili aongezee pale patakapopungua.

"Siombi apone, najua hatapona," anasema. "Naomba wamwache chumba kile kile. Amejifunza njia ya kutoka kitandani hadi dirishani. Ilimchukua mwaka mzima."