Nimesafiri kuona majengo makubwa ya dunia, jiko la mama ndilo lililonishinda

Wakuu, salaam kwenu, na mlio kwenye baridi ya mlimani poleni zaidi.

Hii siyo chai, ni kisa cha kweli. Atakayenitambua humu kwa habari za nyumba hii, naomba anihifadhi.

Mimi ni Mchagga wa juu ya Kwa Sadala, natafutia maisha Dar, biashara ya vipuri. Kazi inanipeleka nje mara kwa mara, na nina ugonjwa mmoja: majengo. Wenzangu wakimaliza kufunga mzigo wanatafuta nyama choma, mimi natafuta jengo la kushangaa.

Dubai nilipanda lile refu kuliko yote mpaka masikio yakaziba. Istanbul nilisimama chini ya kuba la msikiti wa zamani, shingo ikauma siku mbili. Guangzhou nilipoteza siku nzima kuuzunguka mnara wao ule uliobanwa kiunoni.

Sasa mtu wa namna hii akipata nafasi ya kumjengea mama yake, mnajua kitakachotokea.

Nikajenga kwenye kihamba chetu, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa. Ghorofa moja, ukuta wa mbele vioo kuanzia chini mpaka juu, ili mama akiamka auone Kibo bila kutoka kitandani. Design niliitoa kwenye lobi ya hoteli moja ya Dubai. Fundi Moses wa Shirimatunda aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ajenge.

Desemba ukoo wote ukapanda kijijini kama kawaida yetu. Walipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Halafu, bila mtu kuitisha kikao, wote wakaishia jikoni kwa mama.

Jiko lenyewe ni la mbao na udongo, alilijenga marehemu baba. Moto katikati, mbuzi wawili nyuma ya ubao, ndizi zinaiva darini, kuta nyeusi kwa masizi. Na limesimama mbele kabisa ya vioo vyangu. Kila picha, lipo.

Nikamwambia mama tulivunje, nitamwekea la gesi ndani. Hakubisha.

"Ngoja kwanza Julai ipite," alisema. "Ikipita, vunja."

Nikakubali, dada yangu anayekaa naye akisikia.

Wakuu, hapa ndipo nilipokosea, na naona aibu kuandika. Mwezi wa tano nilimpigia Fundi Moses avunje Jumapili, mama akiwa kanisani. Nilijua akikuta limeshaanguka atanung'unika wiki moja, yataisha.

Ibada ikaisha mapema. Mama alimkuta fundi ameshang'oa bati mbili. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akachochea moto, akabandika chungu, akamkaribisha fundi uji. Fundi akanywa, akapanda kuzirudisha zile bati, ndipo akanipigia: "Bosi, mimi siwezi. Mama yuko ndani anapika."

Tangu siku hiyo nikipiga simu mama anaitikia shikamoo yangu, kisha anampa dada simu. Mama huyu huyu aliyekuwa ananisimulia mpaka mbuzi wameshindaje. Iliniuma kuliko hasara yoyote niliyowahi kupata kwenye biashara.

Julai dada akanipasha kwamba mama amehamia jikoni moja kwa moja, kitanda na yote. Nikapanda. Mama alinisalimia kwa adabu kama anavyowasalimia wageni wa usharika. Nikaenda kulala kwenye ile ghorofa ili kumwonesha kwamba inalalika.

Hailaliki.

Blanketi tatu na jaketi juu. Vioo vinatoka jasho, vigae huwezi kukanyaga bila viatu. Asubuhi nikafungua pazia angalau nijifariji na Kibo, nikakuta ukungu mtupu. Dada alisema mlima haujaonekana wiki ya pili hiyo. Kitu pekee nilichokiona kupitia vioo vyangu ni moshi uliokuwa unatoka kwenye paa la jiko.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama alisema Julai. Alitaka nijionee mwenyewe, yeye asinibishie. Na kusema kweli, katika majengo yote niliyosafiri kuyaona sikuwahi kulala ndani ya hata moja. Nilitazama, nikapiga picha, nikaondoka.

Nikatembea mpaka kwenye mpaka wa kihamba nikachuma jani la isale. Kwa wasio wa kwetu: ukimkosea mtu kosa kubwa unampelekea jani hilo, na akilipokea ujue amekusamehe. Halichezewi.

Nikaingia jikoni, nikapiga goti, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mama, nilikuahidi nikakuzunguka. Nimekosa."

Aliendelea kukoroga mtori wa ndizi, huku analiangalia. Mwisho akalichukua, akalichomeka kwenye ubao juu ya kitanda chake.

"Funga mlango," akasema, "baridi inaingia."

Nikafunga, nikiwa upande wa ndani. Nililia wakuu, nikasingizia moshi.

Jiko lipo na halivunjwi. Sebule ya vioo nayo mama ameipatia kazi: jua likirudi anaanika kahawa juu ya vigae, anasema hajawahi kuona mahali inapokauka vizuri namna hiyo. Wapita njia bado wanasimama kupiga picha.

Nilichojifunza ni kimoja. Kabla hujamjengea mtu, kaa naye kwanza kwenye msimu wake mbaya. Majengo bado nayapenda, sijaacha. Ila kila Julai napanda, nalala jikoni.

Nanyi mliotembea, tajeni jengo moja mlilosafiri kwenda kuliona. Na mseme ndani mlikaa na nani.