Jicho la Pili

Juzi, nimetoka kazini Dar nimechoka hoi, mwanangu aliniomba nilale sakafuni hapa kwetu Visiga nimtazamie kwa nini ndege yake ya plastiki haiendi moja kwa moja. Saruji ilikuwa ya baridi. Nikamkumbuka mama.

Kule Masaki, Kisarawe, nilikokulia, ndege yangu ilikuwa ya mti wa muhogo, na matairi niliyakata kwenye ndala iliyochakaa. Kila nikiisukuma barazani ilivuta kushoto, ikaanguka uani. Mama alikuwa ametoka shamba, ananuka moshi na jasho. Alilala, shavu kwenye saruji, akafumba jicho moja.

"Hili limeangalia pembeni," alisema, akakunja waya wa tairi kidogo. "Sukuma."

Ikaanguka tena. Akakunja tena, kisha akafumba na jicho la pili. Nilidhani tairi la pili hupimwa hivyo. Nikachuchumaa, nikisikiliza kuku wakiparura.

"Mama, bado?"

"Bado naangalia, mwanangu."

Nilimharakisha mpaka akainuka, akaenda kuwasha moto.

Juzi mwanangu naye aliniuliza, "Mama, bado?"

"Bado naangalia," nilimjibu, nimefumba macho yote mawili.