Kitabu cha Mbuzi Kipofu

Msikilizaji wangu, sogea nikueleze kwa nini harufu ya gundi ya vitabu ikiungua huninyima raha. Leo asubuhi imenijia tena, ikitokea nyuma ya shule jirani.

Nilipokuwa shule ya msingi, maktaba yetu ilikuwa kabati moja lililonuka unyevu wa bahari. Siku moja wageni wa hoteli za ufukwe wa Galu walikuwa wametuletea makatoni ya vitabu vya Kijerumani, vyote vinang'aa, na nafasi haikutosha. Mwalimu akavitoa vilivyochakaa, akavirundika kwenye shimo la taka. Nikakiona kile changu, hadithi ya msichana aliyemficha mbuzi kipofu asichinjwe. Nilikuwa nimefika pale mjomba anapofungua mlango, kisu mkononi.

"Mwalimu, hicho sijakimaliza."

"Hiki kimekwisha, mwanangu. Hakina jalada, kurasa zimelegea kwa vidole vyenu. Vipya vitawafaa zaidi." Alisema kwa upole, kisha akawasha kibiriti.

"Basi kamalizie motoni," rafiki yangu akanitania, lakini machozi yalimlenga. Zamu ya kukisoma ilikuwa inamfikia yeye.

Vile vya Kijerumani hakuna aliyevifungua. Vilikaa vinang'aa mpaka mchwa wakavila. Kile cha mbuzi sijakiona tena popote, na hadi leo sijui kama alipona.

Ukipewa kazi ya kupunguza vitabu, vilivyochakaa viweke kando, mwite mtoto umuulize kimoja kimoja kama bado kinasomwa. Anza kutoa vile ambavyo havijaguswa.