Wazee Walipokwenda Columbus Kuniombea Msamaha

Majira yale ya kuchipua nilikuwa nalala na simu chini ya mto. Nilikuwa namalizia udaktari wa sosholojia katika chuo kikuu cha Columbus, Marekani, nimeshafanyiwa usaili katika chuo kimoja cha Buffalo, na sasa nasubiri jibu. Lisipokuja kabla ya kiangazi ningerudi Shively, jirani na kwa mama, kufunga maboksi kwenye ghala lilelile nililoliacha ili nisome. Mama alisema subira yavuta heri. Yangu ilivuta kiungulia tu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuwa mtaalamu wa jambo hilohilo, jinsi vyuo vinavyoajiri waliosomea kwao. Tasnifu yangu ilihusu wanasayansi wa jamii vijana wa Romania na Poland, nchi zilizokuwa za Kikomunisti. Wengi niliozungumza nao walikuwa wamebaki kufundisha palepale waliposomea, chini ya mwalimu aliyewalea, na aliyeondoka alisemwa kwamba ana kasoro. Marekani mambo ni kinyume: chuo kilichokupa udaktari ni nadra kukuajiri, kinataka uende kwingine ukajithibitishe. Haya niliweza kuyaeleza mbele ya ukumbi uliojaa maprofesa. Kumweleza mama jikoni kwake, Beechmont, nilishindwa.

Aliniuliza kama nilifaulu vizuri. Nikasema ndiyo. Akauliza basi kwa nini hawanibakizi. Nikaanza kueleza, akanikata kwa Kiswahili chetu cha Kivu, kilichochanganyika na Kifaransa.

"Donc banakufukuza. Ulibakosea nini?"

Kwetu Kivu ya Kusini, mwanafunzi bora hubakizwa chuoni awe msaidizi wa profesa. Asiyebakizwa ana lake jambo. Nilimwambia hapa si hivyo, akanitazama kama anavyomtazama mtoto anayedai sahani imejivunja yenyewe.

Wiki iliyofuata, nikiwa Columbus, akanipigia simu, wako njiani. Yeye na mzee wa kanisa letu, wamevaa nguo za Jumapili, wana katoni ya Fanta kwenye buti la gari, wanakuja kumwona profesa aliyenisimamia. Mtoto akifukuzwa, wazee huenda kumwombea msamaha, na hilo kwetu halina mjadala. Tena anayeombewa hafungui mdomo kujitetea. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Barua ya kunipendekeza Buffalo ilitoka kwa profesa huyohuyo, na kule wangeweza kumpigia wakati wowote kumuuliza mimi ni mtu wa namna gani. Sasa angewaambia nini, kwamba nimeletewa wazazi kama mtoto wa shule ya msingi?

Profesa wangu ni Mromania, mtu mkavu, aliyekuja Marekani kijana baada ya chama kilichotawala kwao kuanguka. Alipokea katoni, akatafuta pa kuiweka, akaishia kuiweka kitini kwake na kubaki amesimama. Mzee akavua kofia. Akasema mtoto hakui mbele ya mzazi, kama nilijibu kwa kiburi nisamehewe, kama nilichelewa nisamehewe, na kama kuna kosa wasilolijua, hilo nalo. Ofisini hapakuwa na mkalimani mwingine isipokuwa mimi. Basi nikasimama pale natafsiri makosa nisiyoyatenda, moja baada ya jingine, nisiweze kuongeza neno langu hata moja.

Profesa hakucheka. Aliniomba nimwambie mama kwamba sikukosa kitu, na kwamba tungekuwa kwao Romania angenibakiza. Halafu akasema yeye mwenyewe alibakizwa, akakataa, akaja huku, na mwalimu wake hakumsemesha tena mpaka mwalimu huyo alipofariki. Alitazama ile katoni. Akasema hakuwa na wazee wa kwenda kumwombea.

Nilitafsiri polepole, kwa maana mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo, miaka yote niliyokuwa mwanafunzi wake. Mama alitikisa kichwa, akamwambia mzee aombe. Tukasimama sote, na profesa akainamisha kichwa, ingawa sidhani ni mtu wa kusali.

Buffalo walipiga siku chache baadaye, nikiwa Beechmont naosha vyombo. Nilipokea simu kwa mikono yenye povu. Walikuwa wananipa kazi ya kufundisha, mkataba wa mwaka mmoja. Nikamwita mama. Akanikumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaanza kuulizia theluji ya kule na kama koti langu linafaa. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Mwaka moja tu?"

Nikasema mmoja, labda wataongeza, labda hapana. Nikasema wengi wetu huanza hivyo, wanahama chuo hadi chuo. Mama alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha vyombo mapajani.

"Bon," akasema. "Na ule mwaka ikiisha, tutaenda kuomba nani musamaha?"