Nailoni ya Uvunguni kwa Stefania

Tarehe 12 Agosti 2016, mbele ya mtendaji wa kijiji, mzee Abraham Mihayo alisaini hati ya kumkabidhi binti yake Stefania nyumba namba saba ya laini ya makarani, katika shamba la mkonge lililokwisha kufungwa nje kidogo ya mji wa Korogwe. Nakala ipo ofisini mpaka leo. Shahidi ni mke wa mzee, Bernadina, aliyeweka dole gumba.

Nyumba hiyo ni ya zamani za mkoloni. Kuta zake ni za mawe, na sakafu ni ya mbao iliyopandishwa juu ya nguzo fupi. Chini yake kuna uvungu ambao mtu mzima hupita kwa kutambaa. Waliojenga walitoboa matundu kwenye msingi ili upepo upite. Lakini Mto Pangani uko karibu, na masika yakishika udongo wa pale hutoa unyevu kama mtu anavyotoa jasho. Mbao zilianza kuota ukungu, na magodoro yakanuka uvundo.

Stefania ana miaka hamsini na miwili. Ni fundi cherehani. Aliolewa Muheza, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani akawauguza wazazi wakati mdogo wake wa pekee, Simeo, akizunguka na kazi za uashi. Ndiyo maana baba alimpa yeye nyumba. Simeo hakutia neno siku ile, na Stefania alikichukua kimya kile kuwa ni ridhaa.

Baba alipofariki, kifua cha mama kikaanza kumsumbua. Tabibu wa zahanati alisema waziwazi: ama chumba cha mama kikauke, ama mama ahamishwe. Bernadina akajibu kwamba wanawe wawili aliwazalia katika chumba kile na hatoki humo kwa miguu yake. Basi Stefania akawa na kazi moja tu maishani: kukausha chumba ili mama abaki.

Simeo ndiye aliyekuja na dawa. Aliwahi kufanya kazi Bungu, milimani, kwenye ghala la mbogamboga, akajua namna ya kupigana na baridi na maji ya ardhini. Alimweleza dada yake kwa utaratibu. Udongo wote wa uvunguni ufunikwe nailoni nzito, vipande vipandiane mkono mzima na vibandikwe, kingo zipande ukutani. Hapo ndipo matundu yazibwe kwa saruji. Mwisho, katikati ya boriti, chini ya mbao, zipachikwe singa, nyuzi za mkonge zilizokaushwa, zishike joto. Akasisitiza kwamba nailoni ndiyo kila kitu; bila hiyo, kuziba matundu ni kufunika chungu jikoni.

Stefania alinunua nailoni marobota mawili. Akashona kwa mkono wake vifuko mia moja na arobaini vya kutilia singa. Septemba 2022 Simeo akaingia uvunguni na msaidizi wake Yusuph, Mzigua wa Kwedizinga. Walifanya kazi siku tisa. Walipomaliza, Simeo alimulika tochi kwenye mlango mdogo wa uvungu, na Stefania akainama kutazama. Nailoni nyeusi ilimeta. Aliridhika, akawapikia ubwabwa.

Miezi minne baadaye Simeo alihamia nyumba yake mpya Mkumbara. Ndugu wakaalikwa. Stefania alivua kandambili mlangoni, akaikanyaga sakafu, akaisifu mbele za watu kwamba ni kavu kama ya benki. Yusuph, aliyekuwa akigawa soda, akamdaka. Mzigua na Mnyamwezi kama Stefania ni watani, na mtani hasusiwi.

"Kanyaga taratibu, Mnyamwezi. Unaikanyaga nailoni yako mwenyewe."

Watu wakacheka. Stefania naye akacheka, akamjibu kwamba Mzigua hata angezaliwa juu ya nailoni angelala kwenye majani. Mama yake, aliyekaa kwenye kochi, aliinamisha macho kwenye chupa yake ya soda. Stefania aliliona hilo na halikumwambia kitu.

Masika ya 2024 yalikuwa makali. Nyumba namba saba ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa kabla ya dawa. Ubao wa chini ya kitanda cha mama ulibonyea kama mkate uliochovywa. Mama akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Simeo alipigiwa simu mara tatu, na mara tatu alisema yuko saiti. Jumanne moja, mvua ikiwa imepumzika, Stefania alifunga khanga kiunoni, akachukua tochi, akaingia mwenyewe.

Alitambaa juu ya nailoni hatua mbili, tatu. Kisha mkono wake ukazama kwenye tope.

Akamulika. Nailoni ilikuwa imekatwa kwa kisu, mstari umenyooka, kazi ya mtu asiye na haraka. Kuanzia pale hadi ukuta wa nyuma ulikuwa udongo mtupu, umelowa. Matundu yote yalikuwa yamezibwa, kwa saruji nzuri. Vifuko vyake mia moja na arobaini vilikuwa vimevimba maji, vinadondosha tone moja moja, na mishono yake ilionekana.

Juu yake mbao zililia. Mama alikuwa amesogea ukingoni mwa kitanda.

"Stefa," akasema kupitia mwanya wa mbao. "Umefika inapoishia?"

Stefania hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba nailoni inaishia mahali.

"Ulijua, mama."

"Nilimwambia achukue robota moja na nusu, akatandike chini ya sakafu yake. Baba yako alikupa nyumba nzima. Simeo alipewa nini?"

"Na kifua chako?"

"Kifua ni changu."

Stefania alirudi kinyumenyume juu ya nailoni, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kugeuka.

Alimfuata Yusuph kabla hajanawa tope. Yusuph hakukana. Alisema alimwambia siku ile Mkumbara, mbele ya watu wote.

"Uliniambia kwa utani."

"Ningekwambiaje tena, dada? Simeo ndiye mwenye kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada. Stefania angependelea atukanwe. Njiani alijaribu kumtafuta mtu mmoja katika jambo lile ambaye alikuwa upande wake, akarudia hesabu, akakosa. Simeo jioni alipokea simu, akasikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba mama ndiye mama.

Tabibu amekataa kuongeza muda wa kukausha chumba; mama ahamishwe. Katika familia hii kuna sakafu moja tu iliyo kavu.

Jumamosi hii Simeo atakuja na gari kumchukua Bernadina kwenda Mkumbara. Bernadina amekwishafunga nguo zake. Jumatatu Stefania na fundi wa kutoka Handeni, mtu asiyemjua, wataanza kuvunja saruji kwenye matundu.