Vipimo vya Baba Krismasi

Siku mbili kabla ya sikukuu, Asnath, fundi cherehani wa Mitundu, alikuwa bado na magauni kumi na moja ya watoto wa watu. Miguu yake ilikanyaga cherehani kwa mazoea tu. Kichwa kilikuwa kimelala zamani.

"Na la Faith je?" aliuliza jirani yake Luciana, aliyekuja kuchukua nguo za wanawe. "Au mtoto wa fundi ndiye wa kuvaa viraka?"

"La kwake lipo. Ila mwaka huu namwambia nani kalishona."

Mwaka jana alimshonea binti yake gauni la njano kwa kuibia muda. Asubuhi ya Krismasi Faith alilivaa, akazunguka ua mzima akimshukuru Baba Krismasi, yule mzee wa ndevu nyeupe mgawa zawadi, ambaye habari zake alisimuliwa shule ya awali. Asnath alimtazama huku vidole vikimuuma.

"Mwache, dada," alisema Luciana. "Akikua ataacha mwenyewe."

"Nimechoka, Luciana. Jasho langu, asante apewe mzee ambaye hata Itigi mjini hajafika!"

Luciana aliondoka akicheka. Asnath aliegemea kiti, afumbe macho kidogo tu. Alipozinduka, jua lilikuwa limehamia mlangoni na futi ya kupimia imemzunguka yeye pamoja na mgongo wa kiti. Faith alikuwa amechuchumaa kando, penseli mkononi, akinakili namba kwenye karatasi.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakupima, mama. Unawashonea watu wote, wewe huna nguo ya sikukuu. Nampelekea Baba Krismasi." Akasita. "Lakini anajua kushona?"

Asnath alijifungua ile futi, akayaacha maneno aliyoyapanga mwaka mzima.

"Anajua kiasi," alisema, akaichukua karatasi ili ampelekee.

Kesho yake mchana alimtuma Faith kwa bibi yake, akakusanya mabaki ya vitambaa, akaifuata ile karatasi bila kusahihisha kitu: kiuno inchi arobaini na sita, mabega tisa. Tangu aanze ufundi hakuwahi kushona vibaya kwa makusudi. Mgongo ulimuuma vilevile.

Siku ya Krismasi Asnath aliingia kanisani ndani ya gauni lililomtosha yeye na kiti chake, mabega yakimbana. Luciana alimwona, akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo.

Faith alimkagua mama yake mshono kwa mshono, kisha akamvuta ainamishe sikio.

"Mama," alinong'ona, "mwakani tusimwachie Baba Krismasi. Tushonee wewe."

Asnath alifumba macho. Mwakani, juu ya magauni ya watu, ni mawili zaidi: la Faith na lake.

"Haya, mwanangu," alisema.