Manukato Yaliyogeuka Masasi

Manukato yote ya dukani Newala wakati ule yalikuwa na harufu ya bibi harusi. Mwanamume akijipaka, watu sokoni waligeuka wakitafuta mwali amepitia wapi. Jambo hili lilinikera mno. Nilikuwa fundi cherehani, kijana, na nilitaka harufu ya kiume: ianze na ukali wa limau, ipoe iwe karafuu, mwisho ibaki sandali, kama sanduku la nguo la mtu anayejiheshimu. Na kwetu, ambako maji yalipandishwa kichwani kutoka bondeni na mtu akaoga kwa kata, harufu nzuri haikuwa anasa.

Nilihangaika msimu mzima. Mafuta ya ufuta yaliharibika. Mafuta ya nazi yaliganda asubuhi za baridi. Spiriti ya hospitali sikuipata, na niliowaomba walinitazama kama mwizi. Mwisho nikachukua gongo ya mabibo kwa jirani, kwa siri, maana serikali iliikataza na dini yangu vilevile. Nilijiambia siinywi, naitumia tu ibebe harufu. Nikaloweka humo maganda ya limau, karafuu na vipande vya sandali, nikachuja kwa kitambaa cha melikani.

Kila mchanganyiko niliujaribu kifundi: natonesha kwenye kipande cha kitambaa, naning'iniza dirishani, nanusa asubuhi, nanusa jioni. Ule wa mwisho ulipita hatua zote kama nilivyotaka. Gongo iliruka yote, sandali ikabaki. Nikajiona bingwa.

Siku hizo mjomba wangu alikuwa anakwenda Masasi kunipelekea posa kwa binti wa mwalimu wa madrasa. Kwetu posa ya mtu hupelekwa na mjomba wake, na ndiyo heshima yake kubwa. Mjomba hakuwahi kuonja pombe maishani. Kilema chake kilikuwa ugoro, aliuvuta mpaka pua ikafa. Nikampa chupa, nikamwambia ajipake kidogo tu shingoni akifika. Kidogo! Aliposhuka kwenye lori, amejaa vumbi mpaka kope, alijimiminia yote kama anayeoga.

Alirudi kesho yake amekunja uso. Mwalimu alimpokea vizuri, hata akasifu harufu na kuuliza imetoka wapi. Kahawa ikaletwa, mazungumzo yakanoga, chumba kikawa na joto, mjomba akatoka jasho. Mwalimu akaanza kunusanusa. Kisha akamsindikiza mgeni mapema.

"Nimemkosea nini yule mtu?" mjomba aliniuliza.

Nikajipaka mwenyewe, mara ya kwanza kwenye ngozi, nikakaa juani. Limau likaja, karafuu ikaja. Jasho lilipoanza, sandali ikazama, mabibo yaliyochacha yakapanda, nikanuka kama mtu aliyelala kilabuni. Kitambaa hakitoki jasho. Miezi yote ile nilikuwa nanusa kitambaa! Kwa hasira nikapasua chupa zote.

Baadaye ujumbe ukaja kutoka kwa mwalimu: kijana hatumkatai, ila tuleteeni mshenga asiyekunywa.

Nilimwambia mjomba nakwenda Masasi mwenyewe kueleza.

"Ukaeleze nini, mpwa wangu?" akasema. "Kwamba mjomba si mlevi, ila bwana harusi ndiye mwenye gongo nyumbani? Binti utamkosa, na mimi watasema unanitetea tu. Umtume baba yako mdogo. Hili liishie hapa."

Nilibisha, nikapandisha sauti mbele ya mtu niliyepaswa kumheshimu. Hakunisikiliza. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote wa Masasi. Baba mdogo akaenda, posa ikakubaliwa, nikaoa. Harusini mjomba hakuja, alisema anaumwa mguu.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mkwe wangu, yule mwalimu, alipanda Newala kumwona. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akampakata mjukuu wake kwa furaha. Kisha akanishika mkono na kuniambia, kwa sauti iliyomfikia mjomba aliyekaa mlangoni, nimshukuru Mungu kwamba tabia ya mjomba wangu sikuirithi.

Nilifungua mdomo. Mjomba akanitazama, akatikisa kichwa polepole.

"Alhamdulillahi, baba," nikasema.